Je, nusukaputi ni usingizi? Swali kuhusu mawimbi ya polepole ya ubongo

Mwalimu wa Nyalenda (Kisumu)

Ndugu wasomaji, hamjambo. Swali langu kwa hakika ni la mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, anayeishi Mumias na anayetarajiwa kufanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo mwezi ujao hapa Kisumu. Alipokwenda kuonwa na wataalamu, muuguzi mmoja alimtuliza kwa maneno ambayo bila shaka wengi wenu mmewahi kuyasikia: "Usiwe na wasiwasi, mama, utalala kidogo tu, na ukiamka kazi itakuwa imekwisha." Mama aliitikia kwa adabu, lakini tulipofika nyumbani aliniuliza: "Mimi huamshwa na paka akipita juu ya mabati. Kama ni usingizi watakaonipa, kisu nitakosaje kukisikia?"

Nilijaribu kumjibu nikashindwa, na aibu ni kwamba mimi hufundisha Biolojia. Mwaka 2019 niliondolewa kidole tumbo, kwa hiyo jambo lenyewe si geni kwangu. Nakumbuka niliambiwa nihesabu kurudi nyuma kuanzia kumi. Nilifika saba, kisha nikasikia mtu akiniita jina nikiwa katika chumba kingine. Kati ya ile saba na jina langu hapakuwa na kitu chochote, si giza, si ndoto, wala ile hisia ya kwamba muda umepita. Usiku wa kawaida hauko hivyo. Hata nikilala usingizi wa pono, nikishtuka saa tisa huwa najua kwamba nimekuwa kitandani kwa muda fulani.

Katika kusomasoma nimekutana na maelezo kwamba umeme wa ubongo, ukipimwa wakati wa usingizi mzito na wakati wa nusukaputi, huonyesha mawimbi makubwa ya polepole yanayofanana sana. Badala ya kunisaidia, maelezo hayo yamenichanganya zaidi. Ikiwa mawimbi ni yale yale, kwa nini hali si ile ile? Na mawimbi yenyewe ni dalili ya ubongo uliozimika, au ya ubongo ulioshika kazi nyingine? Mjomba wangu, ambaye ni mlinzi wa usiku, ameongeza lake kwa nusu mzaha: anataka kujua kama mtu mwenye deni la usingizi anaweza kulilipa akiwa juu ya meza ya upasuaji.

Mtu wa Nusukaputi (Nakuru)

Mwalimu, mpe mama salamu. Ameuliza vizuri kuliko tunavyozoea kuwajibu wagonjwa. Kabla sijaendelea naomba nisiitwe daktari. Mimi ni afisa wa kliniki niliyesomea nusukaputi, na nimekuwa katika kazi hii mjini Nakuru kwa miaka kumi na sita.

Neno "kulala" tunalitumia kwa upole tu, ili kumtuliza mtu ambaye amekwisha kuvishwa gauni la hospitali na ambaye mapigo ya moyo wake tunayaona yakienda mbio kwenye mashine. Mwaka 2010 Emery Brown, Ralph Lydic na Nicholas Schiff, wote wa Marekani, waliandika waziwazi kwamba nusukaputi ni koma, yaani hali ya kupoteza fahamu kabisa, iliyoletwa na dawa, ambayo mtu anaweza kurudishwa kutoka humo. Neno koma silitamki mbele ya mgonjwa, lakini mama ameuliza moja kwa moja, basi naye ajibiwe moja kwa moja: hataamshwa na kisu kwa sababu hatakuwa amelala.

Sasa kuhusu mawimbi. Umeme wa seli moja ya ubongo ni mdogo mno kuweza kusomwa kutoka juu ya ngozi ya kichwa. Kinachosomwa na zile waya tunazobandika ni jumla ya seli nyingi sana zilizo chini yake. Mtu akiwa macho, kila kundi la seli lina shughuli yake, na jumla hiyo huonekana kama vimistari vidogo vya harakaharaka. Ni kama kulisikiliza soko lenu la Kibuye siku ya Jumapili ukiwa mbali: masikio yanapata mvumo tu, ingawa ndani ya mvumo huo kuna maelfu ya mazungumzo, huyu akipunguza bei ya kitenge, yule akigombana na mpiga debe. Wachukue watu hao hao uwakusanye uwanjani, mmoja apaze sauti "Harambee!" na wote waitikie. Sauti itafika mbali sana, lakini ndani yake mna neno moja. Wimbi la polepole ni mwitikio wa namna hiyo. Ukubwa wake unatokana na seli kunyamaza pamoja na kuamka pamoja, wala si kwa sababu ubongo umezidisha kazi.

Aliyeieleza hali hii kwa undani ni Mircea Steriade, mzaliwa wa Bucharest aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Laval, Kanada. Mwaka 1993, yeye na wenzake walionyesha kwamba seli za gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, za paka aliyepewa dawa ya nusukaputi hupita katika vipindi viwili vinavyopokezana, chini ya mara moja kwa sekunde: kipindi cha kimya, ambapo seli karibu zote huacha kurusha ishara, na kipindi cha shughuli, ambapo seli hizo hurusha ishara karibu kama za mnyama aliye macho. Baadaye mdundo huo huo ulionekana katika usingizi wa kawaida wa paka na wa binadamu. Kwa hiyo, Mwalimu, ulichosoma ni kweli. Tena jibu la swali lako la pili limo humo humo: ubongo haujazimika, bali unawaka na kuzimika, unawaka na kuzimika, muda wote wa usingizi mzito.

Tatizo liko katika mazungumzo kati ya sehemu za ubongo. Mwaka 2012 Laura Lewis, Patrick Purdon na Brown walichapisha vipimo vya wagonjwa wa kifafa waliokuwa na elektrodi, yaani nyaya za kupimia umeme, ndani ya ubongo kwa ajili ya matibabu yao, wakapewa propofoli, ile dawa nyeupe kama maziwa ambayo bila shaka ndiyo iliyokufikisha kwenye saba. Mara tu fahamu zilipopotea, mawimbi ya polepole yalitokea, na kila seli ikawa inarusha ishara katika sehemu finyu tu ya wimbi. Sehemu za ubongo zilizo mbalimbali hazikuwa zikiamka kwa wakati mmoja. Upande huu ukiwa tayari kusema, ule mwingine uko kimya. Ule ukizinduka, huu umekwisha kunyamaza. Kila kijiji kina wazungumzaji, lakini simu za kuviunganisha hazipatani.

Sasa nije kwenye tofauti, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo penye riziki yangu. Usingizi huendeshwa na ubongo wenyewe, kutoka sehemu za chini na za katikati zenye kazi ya kuamsha na kulaza. Mtu aliyelala ameacha mlinzi langoni: sauti kubwa, maumivu, mtoto kulia, au huyo paka wa mabati, humfanya mlinzi apige kengele. Propofoli haimwombi mlinzi ruhusa. Inashika vipokezi vya GABA, ambavyo kazi yake ni kutuliza seli, katika gamba la ubongo, katika thalamasi (kituo cha katikati ya ubongo kinachopitisha ishara) na katika shina la ubongo kwa pamoja, na mlinzi naye hulewa. Ndiyo maana mara nyingi kupumua nako hudhoofika, tukalazimika kumpumulia mgonjwa. Juu ya hiyo tunaongeza dawa za maumivu na, kwa upasuaji wa tumbo, dawa ya kulegeza misuli. Hakuna usingizi wa kitandani unaohitaji mtu wa kukupumulia.

Tofauti nyingine inaonekana kwenye mawimbi yenyewe ukiyatazama kwa makini. Yale mawimbi ya alfa aliyoyaeleza Hans Berger wa Jena, Ujerumani, mwaka 1929, yenye mapigo kama 8 hadi 12 kwa sekunde, kwa mtu aliyefumba macho hutokea zaidi upande wa kisogo. Propofoli huyaleta mbele, kwenye paji, yakapanda juu ya mgongo wa mawimbi ya polepole. Usingizi mzito hauna sura hiyo. Na dawa ikizidi, mstari hulala kabisa kwa sekunde kadhaa, ukapasuka kwa kishindo, ukalala tena. Mtu mwenye afya hawezi kuwa na mchoro huo katika usingizi wake hata awe amechoka namna gani. Kwa wazee kama mama, mchoro huo huja kwa dawa kidogo kuliko kwa kijana, na hiyo ni sababu mojawapo ya sisi kupunguza kipimo kwa mtu wa miaka 71.

Mvuvi wa Dunga (Kisumu)

Nimefurahia maelezo haya, ingawa nianze kwa kulalamika kidogo. Kila mwandishi wa Kiswahili akitaka kusema mtu amelala sana humtaja pono, ambaye ni samaki wa bahari ya chumvi. Sisi wa ziwani hatujawahi kumtia wavuni. Lakini tuendelee.

Mimi huvua omena. Kazi yetu ni ya usiku, kwa taa, hasa siku ambazo mwezi haupo, na tukirudi asubuhi ndipo tunapolala. Nikilala saa tatu asubuhi huzama mara moja hivi kwamba mke wangu anasema hata nyumba ikiungua sitajua, lakini kufikia saa saba mchana macho yamekuwa makavu na usingizi umekwisha, na uchovu bado uko. Je, hayo mawimbi makubwa yanapatikana mchana, au ni ya usiku tu?

Mpimaji wa Kakamega

Kazi yangu ni kupima umeme wa ubongo, hasa kwa wagonjwa wa kifafa, na wengi wao husinzia nikiwa nimewabandika elektrodi, kwa hiyo nimeona usingizi mwingi wa watu kwenye karatasi na kwenye skrini kuliko nilivyoupata mimi mwenyewe.

Ndugu mvuvi, unayapata mchana. Kina cha mawimbi ya polepole kinafuata zaidi saa ambazo umekuwa macho. Kukicha au kuchwa hakukiamui sana. Alexander Borbély wa Zurich aliliweka jambo hili vizuri mwaka 1982 aliposema kwamba usingizi unatawaliwa na nguvu mbili: deni linalokua kadiri unavyokaa macho, na saa ya mwili inayofuata mchana na usiku. Saa tatu asubuhi deni lako ni kubwa, ndiyo maana unazama. Ndani ya mizunguko miwili au mitatu ya kwanza, kila mmoja ukiwa wa dakika kama tisini, sehemu kubwa ya deni hilo hulipwa, mawimbi yakawa madogo na machache. Kwa mtu aliyelala usiku, wakati huo ndipo saa ya mwili inapomshikilia kitandani hadi alfajiri. Kwako wewe saa hiyo inavuta upande wa pili, jua likiwa utosini, na hakuna wa kukushikilia. Unaamka ukiwa umepata usingizi mzito wa kutosha, lakini umekosa sehemu ya usingizi mwepesi na wa ndoto uliopaswa kufuata.

Jambo hilo hilo nawaambia walimu wa shule za bweni, na nadhani Mwalimu hatanikasirikia. Wanafunzi wanaoamshwa saa kumi alfajiri kwa prepu hawapotezi sana mawimbi makubwa, kwa sababu hayo huja mapema, katika theluthi ya kwanza ya usiku. Wanachonyang'anywa ni zile saa za mwisho ambazo ndoto ndizo nyingi. Sijui kama kuna mwalimu mkuu aliyewahi kuulizwa ni usingizi gani hasa aliokusudia kuukata.

Sasa ndugu yangu wa Nakuru ameeleza vizuri, ila mfano wake wa harambee nitaupunguza chumvi kidogo. Watu wa uwanjani huitikia kwa pamoja. Ubongo hauitikii hivyo kikamilifu. Mwaka 2004 Marcello Massimini, akiwa na kundi la Giulio Tononi huko Wisconsin, alionyesha kwamba kila wimbi la polepole la usingizi lina mahali linapoanzia, mara nyingi sehemu ya mbele ya kichwa, kisha husafiri kuelekea nyuma kwa mwendo wa mita chache kwa sekunde. Mnaokaa kando ya ziwa mnajua wimbi halipigi ufuo wote kwa mara moja. Linaanza upande mmoja na kuambaa. Ni hivyo.

Mwaka uliofuata kundi hilo lilifanya jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko yote ya fani hii. Waliweka sumaku yenye nguvu juu ya kichwa cha mtu, wakaliamsha eneo dogo la gamba la ubongo kwa pigo moja, wakasikiliza mwangwi. Mtu akiwa macho, pigo hilo lilienea kutoka eneo moja hadi jingine kwa karibu theluthi moja ya sekunde. Mtu yule yule alipokuwa katika usingizi mzito, pigo lilijibiwa kwa nguvu pale pale lilipotua, kisha likafa bila kufika kwa jirani. Kwa hiyo hata usingizi wa kawaida hukata mazungumzo, Mwalimu. Tofauti na nusukaputi ni kwamba aliyelala hurudishiwa mawasiliano yake kwa kuguswa bega.

Kuna alama nyingine ninayoitafuta kila ninapotaka kujua kama mtu amelala kweli. Katika hatua ya pili ya usingizi, kabla ya ule mzito, hutokea vifurushi vya mawimbi ya haraka, mapigo kama 11 hadi 16 kwa sekunde, vinavyodumu nusu sekunde au zaidi kidogo, vyembamba ncha mbili na vipana katikati. Wanafunzi wangu nimewafundisha kuviita mitumbwi. Mitumbwi hiyo hutengenezwa katika thalamasi, na mingi huja ikiwa imepanda juu ya wimbi la polepole. Watafiti wa kumbukumbu wanaitilia maanani sana, kwa kuwa wakati mtumbwi na wimbi vinapokutana, sehemu iitwayo hipokampasi, inayoshika mambo ya siku hiyo, nayo huwa inarudia ishara zake, kana kwamba inayapeleka ghalani. Mwaka 2006 Lisa Marshall na Jan Born wa Lübeck, Ujerumani, waliwapitishia wanafunzi waliolala umeme hafifu wenye mdundo wa polepole kama wa wimbi lenyewe, na asubuhi wanafunzi hao walikumbuka vizuri zaidi jozi za maneno waliyojifunza jioni.

Kuhusu umri, mchoro wa mtoto wa miaka minane ni wa kutisha kwa asiyeuzoea. Mawimbi ni marefu mno. Hushuka kwa zaidi ya nusu katika miaka ya ujana, wakati gamba la ubongo linapopogolewa kama mti wa kahawa, kisha huendelea kupungua taratibu hadi uzeeni. Kipimo cha kawaida cha usingizi mzito hudai wimbi lenye kimo cha angalau maikrovolti 75, na kuna wazee wenye afya ambao hawafiki hapo usiku mzima. Mama yako kuamshwa na paka si jambo la ajabu.

Fundi Redio (Bungoma)

Naona mnazunguka. Si mseme tu kwamba ubongo huzimwa kama simu na kuwashwa tena? Halafu nilisikia redioni kwamba mawimbi hayo huuosha ubongo takataka. Kama ni kweli, basi nusukaputi nayo ni uoshaji, na mjomba wa Mwalimu atalipa deni lake na kuoshwa juu yake.

Mtu wa Nusukaputi (Nakuru)

Fundi, simu iliyozimwa haina umeme unaopita kwenye saketi zake. Ubongo wa mgonjwa wangu unatumia sukari na oksijeni muda wote, ingawa kwa kiasi kilichopungua sana, na nikikosa kuupatia oksijeni hiyo kwa dakika chache tu, hautawaka tena. Mfano wa simu umewafanya watu wengi wadhani kazi yangu ni kubonyeza kitufe kisha kusoma gazeti.

Suala la kuoshwa lina ukweli ndani yake. Mwaka 2013 kundi la Maiken Nedergaard lilionyesha kwamba kwa panya aliyelala, majimaji ya ubongo hupita kwa wingi zaidi kati ya seli. Mwaka 2019 Lewis huyu huyu niliyemtaja na wenzake waliona kwa watu waliolala kwamba kila baada ya wimbi la polepole damu ya ubongoni hupungua kidogo, kisha majimaji ya uti wa mgongo huingia kwa wimbi lake. Lakini mwaka 2024 watafiti wa London walichapisha vipimo vya panya vilivyoonyesha kinyume, kwamba uoshaji hupungua katika usingizi na hata katika nusukaputi. Wataalamu bado wanabishana, na redio yako ilitangaza matokeo kabla mechi haijaisha.

Deni la mjomba ni swali gumu zaidi kuliko anavyodhani. Mwaka 2004 Avery Tung na wenzake huko Chicago waliwanyima panya usingizi kwa siku nzima, kisha wakawapa propofoli kwa saa kadhaa. Panya hao walipona kama wale walioachwa walale. Kwa hiyo kuna dawa ambayo, kwa panya, huruhusu sehemu ya deni ilipwe. Lakini kwa dawa za kuvuta kama isoflureni na sevoflureni, majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba deni la usingizi wa ndoto hubaki pale pale. Nusukaputi haina mizunguko. Nikikuweka mahali, unakaa mahali hapo hadi nikutoe. Zaidi ya hayo, mjomba hatakuja mezani kwa propofoli peke yake. Atakuja na kisu, maumivu, dawa za maumivu na kelele za wodi, na usiku wa kwanza na wa pili baada ya upasuaji mkubwa usingizi mzito na wa ndoto vyote hupungua sana. Atarudi nyumbani na deni kubwa kuliko alilokwenda nalo.

Mwalimu wa Nyalenda (Kisumu)

Nawashukuru nyote. Nimemsomea mama majibu haya kwa simu, nikiruka sehemu ya koma mara ya kwanza. Yeye mwenyewe akagundua kwamba nimeruka, nikalazimika kuisoma. Ajabu ni kwamba imemtuliza. Amesema afadhali aambiwe hatakuwepo kuliko kuambiwa atalala. Mfano wa Harambee ameuelewa mara moja, kwa kuwa alikuwepo enzi zake.

Amebaki na maswali mawili. La kwanza, jirani yake aliyeshonwa jeraha la mguu alichomwa sindano, akawa amefumbua macho muda wote, lakini baadaye akasimulia kwamba alikuwa akielea juu ya paa la hospitali na kuongea na watu waliokufa. Je, hiyo nayo ni nusukaputi yenye mawimbi ya polepole? La pili, ataota?

Mtu wa Nusukaputi (Nakuru)

Maelezo ya jirani yanafanana mno na ya watu waliopewa ketamini, na hapa Kenya tunaitumia sana, kwa sababu haishushi shinikizo la damu kwa urahisi na kwa kawaida humwacha mgonjwa akipumua mwenyewe. Yenyewe hupita njia tofauti: badala ya kuongeza utulivu wa GABA, huziba vipokezi viitwavyo NMDA, ambavyo kazi yake ni kuamsha seli. Mchoro wake hauna ule mdundo mmoja mrefu. Huwa na mawimbi ya polepole kwa sekunde chache, kisha mlipuko wa mawimbi ya haraka sana, kisha ya polepole tena, na akili ya mtu hukatwa na mwili wake bila kunyamazishwa kabisa. Ndiyo maana hata zile mashine zinazoutafsiri umeme wa ubongo kuwa namba moja ya kuonyesha kina cha nusukaputi hudanganyika na ketamini, zikasema mgonjwa yuko karibu kuamka wakati hahisi chochote. Ipo pia dawa ya upande wa pili, deksimedetomidini, ambayo hufuata njia ya ubongo ya kuingilia usingizini, huleta ile mitumbwi ya dada wa Kakamega, na mgonjwa wake akiitwa jina hufumbua macho na kujibu. Kama kuna dawa yetu inayostahili kuitwa ya usingizi, ni hiyo, lakini peke yake haimwezeshi mtu kupasuliwa tumbo.

Kuhusu ndoto, wapo wanaosimulia ndoto fupi na nyepesi baada ya propofoli, na inaelekea nyingi huja wakati dawa inapoanza kuisha. Mwambie mama ajiandae zaidi kwa usiku wa tatu au wa nne hivi akiwa amerudi nyumbani, kwa kuwa usingizi wa ndoto uliokosekana hurudi kwa fujo, na ndoto zake huweza kuwa nzito. Asiende kwa mganga kwa ajili hiyo.

Naomba pia asimfiche mtaalamu wake mambo haya: dawa za presha anazomeza, dawa za miti shamba, kama hukoroma na kukata pumzi akiwa amelala, na kama aliwahi kuchanganyikiwa baada ya ugonjwa au upasuaji. Ule mchoro wa kulala na kupasuka niliousema umehusishwa na kuchanganyikiwa kwa wazee baada ya upasuaji, ingawa utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2019, wa wagonjwa zaidi ya 1,200, haukuona kwamba kuupunguza kwa kutazama umeme wa ubongo kunazuia tatizo hilo. Kwa hiyo akizinduka, mtu anayemfahamu awe karibu, miwani yake iwepo, na aambiwe siku na mahali alipo.

Mpimaji wa Kakamega

Nyongeza moja tu, Mwalimu. Usiku wa kuamkia upasuaji msimruhusu akeshe kwa maombi hadi alfajiri, hata kama wanakikundi wa kanisa watafika nyumbani. Wamwombee jioni, wamwache alale saa tatu, na yule paka afungiwe jikoni.